Neno Lililonitoka Homani

Kama una jeraha lisilotaka kufunga, nikwambie mapema: maumivu utayazoea kabla hujaizoea harufu. Mguu wangu wa kushoto ulinuka kwa miaka miwili. Sisi ni watu wa udi, mgeni hatoki kwetu bila kufukizwa, na kila nilipokuwa nyumbani mama alifukiza chumba chetu cha Matrah asubuhi na alasiri mpaka macho yakatuwasha. Bado wageni walikaa karibu na mlango, wakanywa kahawa upesi na kukumbuka shughuli zao. Usiwachukie. Mimi niliwachukia na haikunisaidia kitu.

Naandika sasa, mwisho wa mwaka 1970, kwa kuwa jeraha limefunga, au limekaribia, na kwa kuwa kila nikienda kubadilishwa bendeji naona vijana wengine walioletwa kutoka vitani Dhofar, kusini mwa Oman, na mifupa iliyopasuliwa na risasi, na hakuna anayewaambia lolote. Habari za mfupa waulize madaktari. Ninazozijua mimi ni habari za kungoja, na za neno moja lililonitoka nikiwa na homa, ambalo limenigharimu kuliko mguu.

Kwetu ni Unguja. Kule tuliitwa Waarabu. Tulipofika Maskati mwaka 1964 na nguo tulizovaa tu, tukaitwa Waswahili, na watoto wa mtaani wakawa wanaiga Kiarabu chetu na kuanguka kwa kicheko. Tulikuja mama yangu Bi Zuwena, kaka yangu Hamed na mimi Salim, pamoja na mdogo wake baba, ambaye tunamwita Ami Suleiman, na mwanawe Khalfan, aliyebeba binti yake mchanga mkononi. Mke wa Khalfan hakuwahi kutoka. Baba tulimwacha kule kule, na mpaka leo hatujui amezikwa wapi wala na nani.

Khalfan lazima nimweleze vizuri, maana yote yanatoka kwake. Mama yake alifariki siku aliyomzaa. Mimi nilikuwa na miezi minne, na mama akampa Khalfan titi la pili. Kwa damu, basi, ni mtoto wa ami yangu. Kwa maziwa ni ndugu yangu, na dini inasema ni ndugu kweli kweli: lau mama angezaa binti, Khalfan asingeweza kumwoa. Nyumbani hakuna aliyemwita mtoto wa ami. Alikuwa ndugu, basi, kama mimi na Hamed.

Hamed alipata ukarani kwa tajiri mmoja wa sokoni Matrah, kwa sababu alijua kuandika Kiarabu na Kiingereza. Ami Suleiman akaenda Ansab kutunza mitende ya mtu. Khalfan akaondoka kwenda Kuwait kutafuta kazi, akamwachia babake yule binti. Mimi nikaingia jeshini mwaka 1966, si kwa ushujaa, kwa njaa. Siku ya kuandikishwa niliulizwa nina ndugu gani, nikamtaja Hamed peke yake. Wakati huo Khalfan alikuwa ameshaacha kuleta barua, na mtu mmoja aliyetoka Kuwait alikuwa amemnong'oneza Ami kwamba kijana wake amevuka kwenda Dhofar, yuko milimani na waasi. Tangu siku hiyo jina la Khalfan halikutajwa tena mbele za watu.

Vita vya Dhofar ni vita vya watu wa nchi moja, na wakubwa wana sababu zao za kuvieleza. Mimi nilikuwa askari wa chini, sababu hazikunifikia. Ilikuwa mwaka 1968, mvua za khareef zimekwisha, na milima ile ilikuwa ya kijani kiasi cha kunikasirisha, maana ilifanana na nyumbani. Kikosi chetu kilikuwa cha Wabaluchi na Waarabu wachache, na Mswahili mmoja. Tulikuwa tumebanwa ndani ya korongo, tumelala kifudifudi, risasi zinatoka juu yetu. Zikanyamaza kidogo. Halafu huko juu mtu akapiga kelele: "Chini, yakhe! Chini!"

Kiswahili, na sauti ni ya kukwaruza, ile aliyobaki nayo Khalfan tangu alipougua koo akiwa mdogo. Wabaluchi hawakuelewa neno, wakabaki chini. Mimi niliyeelewa nikasimama. Nilisimama na nikapunga mkono, kama mtu aliyeitwa na jirani dirishani. Kwa miaka miwili jeshini sikuwa nimesikia mtu akisema "yakhe", na furaha iliyonishika ilikuwa ya kijinga kabisa. Risasi ikaingia kwenye ugoko. Alikuwa akimwambia mwenzake, au alikuwa ameniona akaniambia mimi? Hilo nimelala nalo vitanda vingi, na sijui.

Walinishusha kwa machela. Siku ya tatu, nimelazwa Salala, homa ilikuwa imenipanda kichwani, akaja ofisa mmoja na karatasi zangu. Wenzangu walikuwa wameshamwambia kwamba nilisimama nikawapungia maadui mkono. Hakuwa mkali. Alivuta kiti akakaa.

"Una mtu wako upande wao?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Ninaye."

"Nani wako?"

"Akhuy," nikasema. Ndugu yangu.

"Akhuk?" akarudia. "Una hakika?"

"Naam. Akhuy."

Akaniuliza tena mara ya tatu, na mara ya tatu nikalia nikasema hilo hilo. Mwarabu wa huku angesema walad ammi, mtoto wa ami yangu, na kama ni wa kunyonya angetaja kwamba ni wa kunyonya. Kiarabu kina neno la kila mmoja. Sisi ndugu ni ndugu, tunawatia humo wa tumbo, wa ami, wa maziwa na rafiki wa zamani. Nilikuwa nikifikiri kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiarabu. Yule ofisa hakuuliza jina, kwa sababu jina alikuwa nalo kwenye karatasi, na lilikuwa moja tu.

Nililetwa Matrah kwa ndege. Hospitali wakati ule ilikuwa imejaa mpaka uani, na jamaa za wagonjwa walipika nje, hivyo ulilala ukijua kila kitanda kinakula nini. Nikakwanguliwa mfupa mara ya kwanza. Kukwanguliwa ndiko kulikokuwa kalenda yangu, kwa hiyo nitakuhesabia hivyo hivyo. Hamed alikuja mara mbili, akanisomea gazeti la zamani, akanitania kwamba kati ya askari wote mimi peke yangu ndiye niliyemwamkia adui. Mara ya tatu hakuja. Mama akasema amesafiri Bahrain kwa kazi ya tajiri wake.

"Hata hakuaga?"

"Alikukuta umelala, mwanangu. Kula."

Nikala. Niliamini kwa miezi mitatu, kwa sababu mtu mwenye homa anaamini kinachompunguzia kazi. Baridi ikaingia, nikawa napata nafuu ya kuona. Nikaona kwamba mama anakuja na vyakula viwili, kila kimoja kimefungwa kitambaa chake. Kimoja ananiachia, kingine anaondoka nacho, na anapoondoka hafuati njia ya nyumbani. Anapanda njia ya Maskati. Na miguu yake ilikuwa imeanza kupasuka visigino.

"Hicho kingine cha nani?" nikamuuliza.

"Cha jirani."

"Jirani gani anakaa Maskati?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mbaluchi mmoja aliyepoteza jicho, aligeukia ukutani kwa adabu, ingawa hakujua Kiswahili. Hiyo nayo ni rehema; utakutana nazo ndogo ndogo, na ninakushauri uziweke moyoni maana kubwa hazipiti mara kwa mara.

"Hamed yuko ngomeni," mama akasema. "Walimchukua kazini. Wamezikuta barua za Kiingereza za kwenda Kuwait na Bahrain, za biashara ya yule tajiri, wakasema ndizo za waasi. Wakamwambia ndugu yako mwenyewe kasema."

Nilijiinua kwa viwiko. Nikamwambia aniitie mtu, yeyote, karani, askari, nieleze kwamba niliyemtaja ni Khalfan. Akanishika mkono. Mama yangu ni mwanamke mdogo, lakini siku hiyo niliuona mkono wake mkubwa.

"Ukisema Khalfan watamchukua Ami yako. Mzee yule hatamaliza mwezi mule ndani. Na yule mtoto wa Khalfan aende kwa nani?"

"Na Hamed je, mama?"

"Hamed kijana."

"Mama!"

"Wote nimewanyonyesha mie," akasema. "Mie ndo nnaojua. Wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Kuna wakati ugonjwa unakupa ruhusa ya kumtii mama kama mtoto, na nikaitumia ruhusa hiyo. Nilijaribu njia moja ya katikati. Alipokuja ofisa mwingine kuniuliza kama nina la kuongeza, nilimwambia nilikuwa naweweseka, sikuwa na akili zangu, nayafuta yote niliyosema.

"Mara tatu umeulizwa, mara tatu umejibu," akasema. "Kama si Hamed, ni nani?"

Nikatazama dari. Alisubiri vya kutosha, tena kwa upole, halafu akafunga faili.

Ami Suleiman alikuwa akija kila Alhamisi kutoka Ansab, na asali. Asali ya huku ni nzito, na kwa kidonda ni dawa ya zamani. Dresa, yule mfunga vidonda, aliruhusu maadamu chachi ni safi. Ami alikuwa akinipaka mwenyewe, kwa kidole kilichooshwa mara tatu, kidogo kidogo kandokando ya jeraha, huku akinisimulia habari za mitende na za mjukuu wake anayejifunza kusoma. Wiki baada ya wiki sikuwahi kumsikia akilitaja jina la Hamed. Niliingoja Alhamisi kwa hamu, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mtu yeyote, na nilimchukia kwa hilo.

Baada ya kukwanguliwa mara ya pili, joto limeanza, sikuweza tena.

"Ami, unajua Hamed yuko wapi?"

"Najua, mwanangu."

"Na unajua kwa nini?"

Aliendelea kupaka. "Nnajua."

"Basi?"

"Basi nini? Niende nikaseme, miye ndiye baba wa yule mnayemtaka? Nimeondoka nyumbani mara mbili kwenda kusema. Mara zote mbili yule mtoto kanishika kanzu." Akafunika kopo la asali. "Hamed ana mama. Yule ana mie tu."

Alhamisi iliyofuata alikuja tena, na asali. Sikumfukuza. Ukiwa na mguu unaooza utajua kwamba chuki inahitaji afya.

Majira ya tende mwaka 1969, nimesharudishwa nyumbani, vipande vya mfupa vilianza kutoka vyenyewe. Usiogope ukiviona. Vinatoka vyeupe, vyembamba, kama miba ya changu, na kila kimoja kikitoka unapata siku mbili tatu za nafuu. Kwetu sisi mwili wa mtu hautupwi, hata kipande. Mama alivikusanya ndani ya kitambaa cha pamba, na vilipofika kumi na moja akavipeleka makaburini Matrah, akachimba kwa mkono wake, akavizika na kuvisomea Fatiha. Aliporudi alinawa udongo mikononi. Halafu akasema mumewe hakupata hata kaburi la kiasi hicho.

Akatoka tena kwenda Maskati na chakula cha pili. Wakati mwingine walikipokea getini, wakati mwingine alirudi nacho, nasi tukakila jioni tukijua ni cha nani. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Chumba kimoja kilikuwa na mgonjwa anayenuka, na mwanamke anayetembea kati ya wana wawili, mmoja akimletea habari za usaha na mwingine asimletee habari yoyote. Alianza kunijibu kwa ukali. Siku moja nililalamika kwamba wali umeungua, akaniambia, "Yupo anayeutamani huo ulioungua." Kisha akaja kunipangusa uso kwa kitambaa cha maji, kwa nguvu mno.

Walinikwangua mara ya tatu mwanzoni mwa 1970. Safari hii mfupa ulishika. Mguu umekuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu, na goti halikunji sawasawa. Nilianza na magongo mawili, nikabaki na moja. Ushauri wangu ni huu: jifunzie kwenye ngazi mapema, kabla aibu haijazoea kukushinda, na usimruhusu mtu akubebe ila mwenye haki ya kukutukana.

Mwezi wa Julai mtawala akabadilika. Baada ya hapo milango ya ngome ikaanza kufunguliwa, watu wakatoka mmoja mmoja, na jamaa zao hawakuwatambua. Mama alikwenda kila siku kusimama pale. Siku ya tisa alirudi na Hamed.

Nilikuwa na kaka mwenye mabega. Aliyeingia alikuwa mtu wa kujiinamia, ndevu zimeingia mvi katika miaka thelathini na mbili, na alitembea kwa hatua fupi fupi sana, hatua ambayo pingu inairuhusu, ingawa pingu haikuwapo tena. Mama alikuwa ameshafukiza. Hamed alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema, "Kumbe ni kweli unanuka." Nikacheka, nikadhani yamekwisha.

Hakusema kitu kingine kwa siku nne. Siku ya tano, mama yuko sokoni, akaniambia bila kunitazama:

"Alikuwa Khalfan."

"Ndiyo. Sauti yake niliisikia. Waliponiuliza nikasema ndugu yangu, nilikuwa na homa, Kiarabu kikanipotea..."

"Najua. Siku ya kwanza waliponiambia ndugu yako amesema, nilijua. Nikasema moyoni, Salim kachanganya."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na nikatamani kurudi kwenye kukwanguliwa.

"Ulijua? Na hukuwaambia?"

"Niwaambie wakamchukue Ami?" Akanyoosha miguu yake mbele, vifundo vimevimba na vina mduara mweusi. "Neno lako si kitu, Salim. Homa ni homa. Lakini homa ilikutoka. Kufika mwezi wa tatu wa kifungo changu ulikuwa na akili zako, unakula wali wa mama. Mie nilinyamaza kwa mwili wangu. Na wewe ulinyamaza kwa mwili wangu."

Nilimwambia mama alinikataza. Nilipolisikia linatoka mdomoni mwangu niliona ni dogo kiasi gani.

"Alinikataza na mie," Hamed akasema. "Aliponiletea chakula mara ya kwanza, walipotuacha tuonane. Kwangu hakuwa na haja ya kukataza."

Ndugu msomaji, wewe mwenye mguu au kifua au jicho, ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Anaishi nasi, amepata kazi, maana sasa serikali inawataka watu wanaojua kusoma na ghafla Uswahili wetu umekuwa elimu. Anampa mama mshahara wake. Ami Suleiman alipokuja, Hamed alimbusu mkono na kichwa, akampakata yule binti wa Khalfan, akamuuliza anasoma juzuu ya ngapi. Ya Khalfan mwenyewe hakuna ayajuaye. Kwangu Hamed ni mwema pia. Kila Jumamosi ananisindikiza hospitali, kwa kuwa ile njia ina mteremko na mimi bado sijauweza, na tunashuka pamoja, yeye na hatua zake fupi na mimi na gongo langu, watu wanatupisha.

Jumamosi iliyopita palikuwa na karani mpya anayeandika wagonjwa upya, jina, mtaa, na nani aliyemleta. Chumba kilijaa, mtoto mmoja analia, dresa anaita majina. Karani akamtazama Hamed, akaninyooshea mimi kalamu, akamuuliza kama ni ndugu yake.

"Akhuk?"

"Walad ummi," Hamed akasema. Mtoto wa mama yangu.

Sijawahi kumsikia mtu akimwita hivyo ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja. Karani hakusikia vizuri kwa zile kelele. "Walad ammak?" akauliza. Mtoto wa ami yako?

Hamed anajua Kiarabu kuliko sisi sote. Ilikuwa kusahihisha neno moja tu, na nilimgeukia nikamngoja alisahihishe.

"Naam," akasema.

Karani akaandika. Hamed akanishika mkono taratibu mpaka kwenye benchi, akanikalisha, akauweka mguu wangu vizuri, tukangoja zamu yetu.